Mgomba wa Kaburini kwa Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeamka nikisikia majani ya migomba yakisuguana, kumbe ni mvua ya Ubelgiji dirishani. Nikalala tena kidogo ili niendelee kuyasikia. Mguu unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Najua unachongoja. Bwana shamba alisema migomba yetu yote hapo Kikwe ing'olewe kwa sababu ya mnyauko, nawe ukamjibu kwamba ule alioupanda baba, uliopo kaburini kwake, hauguswi maadamu wewe uko hai. Ndiyo maana nilipoondoka kuja maabara huku nilibeba utomvu wake kwenye karatasi, pamoja na wa migomba mingine.

Kipimo cha kwanza kilinivunja moyo. Tunachukua chembe ya vinasaba vya bakteria anayeleta mnyauko, mashine inaitolea nakala nyingi mpaka ionekane. Migomba yote ilionyesha ugonjwa, hata wa baba. Nilishindwa kukupigia simu. Nilikaa nikimwona baba na koti lake la kanisani, ananimenyea ndizi mbivu.

Lakini kipimo kile huangalia kipande kifupi tu, kama mtu aliyesikia jina la ukoo akadhani amemjua mwenyewe. Nikatoa nakala upya, safari hii ndefu, nikazipitisha kwenye mashine inayosoma uzi mzima wa vinasaba, herufi kwa herufi, bila kuukatakata. Kawia ufike, Mama. Herufi zilipita kwenye kioo, nami nikawa kama nasinzia, nauona ukungu ukishuka kutoka mlimani na wewe unaita kuku.

Migomba mingine yote ina mnyauko. Wa baba hauna. Aliyemo ni bakteria mwingine wa ukoo uleule, asiyeua mgomba. Nimerudia, jibu ni lilelile. Nililia palepale maabara mpaka mwenzangu akaniletea kahawa.

Nadhani najua sababu. Panga la Zakaria la kukatia ng'ombe majani ya migomba linaazimwa na majirani, na ugonjwa husafiri na panga. Mgomba wa kaburini wewe ulitukataza kuukata tangu siku ya mazishi. Hata majani makavu tunayatoa kwa mkono. Usimgombeze mdogo wangu, kila nyumba inaazimana. Mwambie tu aliunguze motoni kabla ya kukata.

Msalimie shangazi wa Makumira, mwambie sweta lake ndilo linaloniweka hai. Msalimie na mama mchungaji, aliyekuwa akituombea.

Sasa uniruhusu nikuombe jambo gumu. Ng'oeni ile mingine yote, bila huruma, ardhi ipumzike mpaka bwana shamba aridhike. Kisha nenda kwa baba, uchimbe machipukizi kwa jembe jipya, upande shamba zima. Baba atatulisha tena, Mama.

Ni mimi binti yako,
Eliwaza