Petroli ya Bei Kubwa

Isevya, Jumapili

Gari limekwenda vilevile! Leo nimelitilia petroli ya kawaida kwa siri, nikaenda Tura na kurudi, na injini haikugonga wala kukohoa. Gari la tangu ujana wangu, nani mwingine analo hapa Tabora?

Kiti cha pembeni kitupu njia nzima. Nikawa naongea na usukani.

Basi fundi Maganga alisema kweli. "Mzee mwenzangu, injini ya zamani hii haina haja na petroli ya ghali. Unainywesha sifa zako tu." Nami nikamwita fundi wa baiskeli mbele za watu. Tangu siku ile haji tena kwangu, wala hakai kiti kile cha pembeni.

Kesho nakwenda kwake Gongoni kumwomba radhi. Naogopa hatafungua mlango.

Akifungua, habari ya petroli ya leo simwambii.