Feni ya Babu Yako

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, mama. Hapa Magomeni tu wazima. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, nyumba nzima vigelegele.

Umeniuliza inakuwaje Kiingereza kiite feni mashine ya upepo, na shabiki naye aitwe feni. Mimi hilo nilifundishwa na babu yako.

Nilikuwa msichana, nauza feni dukani kwa baba, Kariakoo. Babu yako, aliyekuwa akisoma Kiingereza jioni, alipita kila siku kuangalia feni asizonunua. Siku moja akajikaza: "Salma, mimi ni feni wako."

"Feni gani?" nikamuuliza. "Ya mezani au ya kuning'inia darini?"

Wateja wakaangua kicheko. Akainamisha kichwa, nami nikajuta, maana nilishampenda na niliogopa hatarudi tena. Kumbe aliinama kuokota kipande cha boksi. Akaanza kunipepea.

"Ya mkono," akasema.

Hapo nikamwelewa. Neno hulitazami peke yake, mwanangu, unamtazama na anayelisema.

Baba alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. "Kijana," akamwambia, "huyu hauzwi. Kawalete wazee wako."

Akupendaye,
Bibi Salma