Basi la Kuangalia Milima

Jumapili jioni, Kibera. Mvua haijakatika tangu tushuke mjini. Inapiga mabati hadi redio ya jirani haisikiki, na mimi nimeketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji moto. Mama yuko upande ule wa pazia anachemsha chai. Nimechoka, lakini nisipoandika haya leo, kesho nitayapamba.

Nimemdanganya mama yangu mara mbili maishani. Mara zote mbili ilikuwa kwenye barabara moja.

Wacha nianze na basi. Mimi ni fundi wa nguo, lakini siku hizi nashona zaidi mapazia na vitambaa vya viti, maana nguo watu wananunua mitumba. Mwezi uliopita kampuni moja ndogo ya kutembeza watalii ilinipa kazi ya basi lao jipya: mapazia ya madirisha yote, na vile vitambaa vyeupe vya kuegemeza kichwa. Mwenye basi alipenda kazi. Juzi Jumatano akanipigia kwamba watu wawili wameghairi safari ya Jumamosi, ya kwenda milima ya Nandi, kulala huko na kurudi Jumapili. Je, nataka hivyo viti bure? Nilisema nataka kabla hajamaliza kuuliza.

Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Mama kwanza. Sivyo. Nilifikiria grupu la familia kwenye simu.

Kaka yangu Jotham, mkubwa wetu, anaishi nyumbani Maragoli. Amemjengea Mama nyumba ya vyumba viwili, ya saruji, na tangi la maji kando. Tangu mwaka uanze, yeye na ndugu zangu wengine wanaandika kwenye grupu kwamba Mama amezeeka, goti limekataa, mzigo wa mboga haubebeki tena, arudi nyumbani apumzike. Mama mwenyewe hayumo kwenye grupu. Simu yake ni ya kubonyeza. Miaka thelathini na ushee ameuza mrenda, saga na kunde karibu na geti la Ayany, na watu wa pale wanamjua kuliko wanavyomjua chifu. Hakuna aliyemuuliza. Tukaunda kamati, kamati ikaamua, halafu kamati ikanichagua mimi nimpeleke kwa sababu ndiye ninayeishi naye.

Mpango ulikuwa hivi. Tungepanda basi Jumamosi, tulale Nandi, na Jumapili asubuhi Jotham angekuja hotelini na gari la rafiki yake, amchukue Mama "akaone nyumba." Mimi ningemwambia hivyo tukishafika Nandi, kisha nirudi na basi. Yeye angebaki. Vitu vyake ningetuma baadaye.

Na niseme lote, maana nikijidanganya hapa pia sijui nitasemea wapi. Chumba chetu ni kimoja na pazia katikati. Kila alfajiri mimi ndiye humbebea gunia kutoka sokoni, kisha ndiyo niende kwa cherehani yangu. Jotham alipoandika kwamba Mama arudi, kuna mahali ndani yangu palipumua.

Alhamisi nikamwambia, "Mama, Jumamosi tunaenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Kuona milima."

Akaacha kuchambua mboga. "Milima imefanya nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliinama akaendelea kuchambua, na hakuuliza tena chochote. Mimi, mjinga, nikadhani amekubali.

Ijumaa niliona amepanga mkoba: sukari kilo mbili, majani ya chai, pakiti ya mishumaa, leso mbili kuukuu na kile kitambaa chake cheusi cha kichwa. Nikajiambia wazee ni wazee, hawaendi popote mikono mitupu.

Sasa lile basi, aki. Nililishonea mapazia lakini sikuwa nimelikalia. Kiti unakibonyeza kinalala. Kuna mahali pa kuegesha miguu, blanketi laini, sehemu ya kuchaji simu, na hewa baridi inayotoka juu ya kichwa chako wewe peke yako. Abiria walikuwa wazungu kiasi na familia za watu wenye magari yao nyumbani. Dada wa kuelezea njia, Chebet, alishika maiki akatukaribisha, halafu akaja kwa kila kiti. Akamwinamia Mama. "Sasa mum, uko sawa? Nikuletee juisi?"

Mama akamshika mkono. "Asante mwanangu. Mungu awatie nguvu."

Hayo ni maneno ya matangani. Niliyasikia na sikuyasikia. Nilikuwa natazama dirisha la nne, ambapo uzi uliniishia nikaunga mwingine wa rangi tofauti kidogo, nikiomba mwenye basi asiwahi kukaa pale.

Tulipofika juu ya Bonde la Ufa, basi likasimama na watu wote wakashuka na simu zao. Mlima Longonot ulikuwa pale chini, ukungu umeufunga kiunoni. Mama alibaki kwenye kiti, mkoba mapajani, macho amefumba, midomo inacheza. Nikamwambia, "Mama, si uangalie." Akasema, "Nimeona." Alikuwa hajafungua jicho.

Nakuru tukagawiwa chakula cha boksi, wali na kuku. Akalisukuma kwangu. "Kula wewe."

Hapo nilikasirika, sitaficha. Niliwaza, huyu mama maisha yake yote amesafiri akiwa amebanwa na magunia, leo amewekewa blanketi na juisi na ananuna. Nikala kuku wangu, nikala na wake, nikageukia upande mwingine.

Timboroa kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Chebet alikuwa anaeleza misitu na mahali mito inapoanzia, sauti tamu kweli. Mama akafungua mkoba, akatoa kile kitambaa cheusi, akakifunga kichwani taratibu na kukaza fundo. Nikadhani ni baridi.

Alasiri tukaingia Nandi. Majani ya chai yamefunika vilima vyote, kijani hadi unajiuliza nani aliyevikata nywele vikawa sawa hivyo. Basi likasimama pale nchi inapokatika ghafla na kushuka. Chebet akanyoosha mkono: kule bondeni ni mashamba ya miwa, na vile vilima vya mawe kwa mbali ni Maragoli.

Aliposikia Maragoli, Mama akashuka. Akatembea na goti lake hadi mbali na watu, akasimama akiangalia nyumbani. Nikamfuata.

"Kageha," akasema. Kwa kawaida huniita "mama," kwa sababu nina jina la mama yake. Akiniita Kageha, mambo ni mazito. "Tumekaribia sasa. Niambie hapa. Sitaki kuambiwa na mahema. Ni nani?"

"Nani amefanyaje?"

"Nani amekufa?"

Niliangalia kitambaa kichwani mwake. Kisha nikaona mkoba wote kwa mara moja: sukari, mishumaa, leso, kitambaa.

Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Mwenye kufiwa anaambiwa kuna mgonjwa, anapakiwa kwenye gari, anabembelezwa njia nzima, na anajua ukweli akifika na kuona mahema uani. Tunasema ni kumhurumia. Baba alipofariki, Jotham alinipigia akasema, mlete Mama polepole, usimwambie kitu. Nikamwambia Mama kwamba Baba amelazwa, hali ni nzuri, anamuulizia. Nikakodi gari dogo. Tulipita barabara hii hii. Nakuru nilimnunulia kuku. Alifurahi siku ile, alinisimulia jinsi Baba alivyokuwa akijificha kwenye migomba ya kina nyanya ili amwone akienda kisimani. Alicheka hadi Kapsabet. Halafu tukafika, na wanawake wakapiga yowe.

Huo ndio uongo wa kwanza. Sikuwahi kuuzungumzia naye, wala yeye nami. Na tangu siku ile, kila aliposafiri kwenda nyumbani, alikuwa anasindikiza mwili wa mtu wa Kibera na kwaya ya kanisa, basi limefungwa utepe mwekundu. Halafu mimi namwambia ghafla tunaenda kuona milima.

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Hata ile siku uliniambia hali ni nzuri."

Hakuniamini, na ningemlaumu vipi? Nikatoa simu, nikaweka sauti ya nje. Nikampigia mdogo wake, Rispa, ambaye alipokea akilalamika kuhusu ng'ombe aliyevunja ua, na tukamwacha akilalamika. Mabega ya Mama yakashuka kidogo. "Jotham," akasema.

Nikampigia Jotham. Hakunipa hata nafasi ya kusalimu. Sauti yake ikatoka kubwa, wazi: "Niaje, umeshamwambia?"

Mama akakaa chini. Pale pale kwenye nyasi, na vazi lake la kanisani.

Nilipiga magoti nikasema yote bila kupumua, niliogopa moyo wake utasimama. Kwamba wote wako hai. Kwamba kitu cha kumwambia ni nyumba. Kwamba tumeamua arudi, na Jotham anakuja kesho kumchukua, na mimi ningerudi peke yangu. Jotham alikuwa bado kwenye simu.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza polepole, "Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Na mmekaa kamati?"

"Tumekaa."

"Na mmetafuta basi, na mtu wa kunisindikiza."

Nilianza kung'oa nyasi.

"Kwa hivyo maiti ni mimi."

Watalii walikuwa wanapigana picha pale nyuma na kucheka. Mimi nililia. Nimezika watu, nimefukuzwa kazi, sijawahi kulia namna ile mbele za watu. Mama alinitazama, akafungua fundo, akanipa kitambaa cheusi nijifute nacho. Halafu akachukua simu mkononi mwangu.

"Jotham. Nyumba ni nzuri, nashukuru sana, Mungu akubariki. Weka kuku ndani. Mimi siku yangu ikifika mtanileta, basi la kazi hiyo lipo na nyimbo mnazijua. Hili la leo ni la kuangalia milima, na sijaangalia hata mmoja."

Akanirudishia simu. Tukakaa kwenye nyasi, tukiangalia kwetu kwa mbali. Baadaye akasema jambo ambalo nadhani alilibeba miaka yote hii. "Siku ile ya baba yenu nilikula kuku. Nilikuwa nacheka na nyama mdomoni, na yeye amelala baridi. Mlininyima njia yote ile ya kumlilia."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia habari ya gunia, kwamba limenichosha na kwamba niliposikia ataondoka nilipumua. Sijui nilipata wapi ujasiri. Akasema, "Sasa si ungesema? Tungetafuta mtu wa mkokoteni. Gunia si sababu ya kuhamisha mtu." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa imefika ukingoni kabisa.

Leo, kurudi, alidai kiti cha dirishani. Alikula boksi lake lote, akachungulia kwenye langu, nikampa paja. Alikunywa juisi mbili. Alimuuliza Chebet jina la kila mlima na kila mto, na Chebet asipojua Mama alimtungia. Timboroa alisema baridi hii ndiyo ya kukuza kabichi. Kwenye Bonde la Ufa aliposhuka, alisimama sana, mikono nyuma, akiangalia Longonot juu hadi chini namna anavyokagua fungu la mrenda sokoni. Akasema, "Kumbe iko hivi." Amepita pale maisha yake yote.

Karibu na Limuru akaninong'oneza kwamba pazia la dirisha la nne nimeliunga na uzi wa rangi nyingine. Nikamwambia anyamaze.

Tumefika na mvua. Kabla hata ya kuvua viatu, amemtuma mtoto wa jirani akaulize kama kuna mtu aliyekalia nafasi yake pale getini. Hakuna. Kwenye grupu Jotham ameandika, "Sawa, Mama amesema." Wengine wameweka alama ya dole gumba.

Chai imeiva, nasikia anakoroga. Ni ile sukari ya matanga. Mishumaa ameiweka kwenye kabati kwa sababu stima hapa haina adabu. Leso na kitambaa cheusi amevirudisha chini ya kitanda, kwenye sanduku la bati, upande wa kulia, na amenionyesha mahali, ili siku yake ikifika nisisumbuke kutafuta. Amenionyesha hivyo tu, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kijiko.

Nimemwahidi sitamficha tena kifo cha mtu yeyote. Nitamwambia akiwa ameketi nyumbani kwake, kwa sauti ya kawaida, na nitamwacha alie njia nzima.

Lakini akiwa ni yeye, nani ataniambia mimi?