Mama Alegra, Uliyerudi Kuitaja Nyumba ya Ishirini na Tatu

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuweka kwenye udongo wa Johannesburg ndani ya sanduku la mbao tupu, kama desturi ya Wayahudi inavyotaka. Na mimi nilishika koleo. Rabi hakunizuia.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la tano, kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari pale Jeppestown. Lakini mke wangu Denise amesema wa kuandika ni mimi, basi naandika.

Tulikuja kwako Kensington kupanga vyumba viwili vya nyuma. Nilikusalimia kwa Kiingereza changu kibovu, ukanijibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi: "Weye mutoto ya Katanga, unanisumbulia nini na Kiingereza?" Kumbe uliishi kule miaka ishirini na saba, ukiuza vitenge dukani kwa mjomba wako, mpaka duka likachukuliwa na serikali. Tangu siku ile hatukuwa wapangaji tena. Sombe ya Denise, yale majani ya muhogo, uliila kwa mkono. Sokoni Yeoville ulimwinulia muuzaji samaki mmoja mkavu ukamwambia, "Huyu tuko naye rika moja, mama, punguza bei," na watu wote wakacheka. Watoto wetu Gradi na Benita, waliokuwa wanaona haya kusema Kiswahili, walijifunza kwako. Matusi kwanza.

Kisha ikaja barua kutoka Ujerumani. Walikuwa wanamshtaki mzee wa miaka tisini na tisa. Mwaka 1944, akiwa askari kijana wa Wanazi, aliwahesabu Wayahudi wa kisiwa chenu cha Rodo, kile cha kwenye Matendo ya Mitume, walipopakiwa melini kupelekwa kuuawa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Katika nyumba yenu ulipona peke yako. Waendesha mashtaka walitaka ushahidi wako.

Nilikuambia, "Mama, mtu wa miaka tisini na tisa, mwachie Mungu."

"Mungu nitamuona karibuni, Thierry. Huyu, acha batu bamuulize kwanza."

Jikoni ukaanza kujizoeza mtaa wenu, nyumba kwa nyumba: nani aliishi pale, alifanya kazi gani, alikuwa na watoto wangapi. Benita aliandika. Nyumba ishirini na mbili.

Siku yenyewe nilikupeleka ofisi ya wakili mjini, ukakaa mbele ya skrini, majaji wakiwa kwao Ujerumani. Wakili wa mshtakiwa akasema ukiitaja familia yako inatosha. Ulimjibu kwa Kifaransa, nikasikia vizuri: "Mteja wako aliwahesabu wote. Mimi nitawataja wote." Ukawataja kwa saa mbili.

Tukiwa njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, ukanishika mkono. "Thierry, nyumba zilikuwa ishirini na tatu."

"Umesahau moja?"

"Sikusahau. Niliona haya."

Ukanieleza habari za Perla, binti wa mshona viatu wa nyumba hiyo, miaka kumi na miwili. Mlikuwa mmegombana, hamsemezani. Melini alikuomba maji. Ulikuwa nayo, ukageuza uso. Mlipofika kambini, siku ileile walimpeleka kuuawa kwa gesi. Karibu miaka themanini hukuwahi kulitamka jina lake.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Mama, hukumu haitabadilika kwa ajili ya mtoto mmoja."

Ulisema tu, "Geuza gari." Nikageuza palepale katikati ya barabara. Dereva wa teksi akatoa kichwa akanitukana kwa Kizulu, wewe ukamrudishia kwa Kiswahili.

Tulikuta skrini imezimwa. Wakili wetu akasema labda maandishi yatakubaliwa. Wewe ulisema, mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya. Nilipofika kwenye yale maji nikakuonea huruma, nikaandika kwamba yalikuwa kidogo. Ukaliona lile neno.

"Futa. Yalikuwa mingi."

Nikafuta.

Yule mzee walimtia hatiani. Kifungo hakukitumikia, kwa sababu ya uzee wake, na mimi nilipiga meza kwa hasira. Wewe hukuuliza kabisa habari za kifungo. Ulimwambia Benita atafute kwenye mrundo wa karatasi za hukumu aliotuletea wakili, akapata ukurasa wa sitini na moja: Perla, jina la baba yake, umri wake. Ukaweka kidole pale, ukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Jioni, kwa mara ya kwanza, ukatusimulia jinsi Perla alivyokuwa anadanganya kwenye kuruka kamba, na jinsi alivyoiga sauti ya mwalimu wenu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Wiki tatu baadaye ulituacha, usingizini.

Basi Mama, lile neno nililokuambia kwenye gari, ambalo hukulijibu, nalijibu leo mwenyewe mbele ya watu: nilikosea.

Wanaokukumbuka ni mpwa wako Matilde wa Cape Town, mimi Thierry, Denise, Gradi na Benita, pamoja na yule mama wa samaki wa Yeoville, ambaye bado anakuulizia.

Jina lako halitatoka midomoni mwetu.