Kisahani Kilichopasuka Si Garanti

Kaka Kashindi,

Nakuamkia kwa sababu Mama alitufundisha kuanza na salamu. Mmeamkaje hapo Mulongwe? Wifi na watoto wana nguvu? Maji ya mto yametoka uani? Mimi ni mzima. Huku baridi imeanza na kazi ipo. Salamu zangu kwako zimeisha.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikiwa kazini, laboratwari. Mwanaume, mvuvi wa Kalundu.

"Dada, weye ndiye Nyota wa batiri?"

Nikamwambia mimi ni Nyota.

"Nakushukuru. Ile batiri yako ya taa iliwaka moto mu mtumbwi. Tulikuwa tunarudi asubuhi. Ndagala tulizovua zimeiva bila mafuta."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeungua. Akasema ni yeye mwenyewe, mikono yote miwili. Nikamuuliza nani alimpa namba yangu.

"Kaka yako ameiandika ku batiri. Anasema iko garanti, ikiharibika nikuite."

Hakunitukana. Alitaka nimweleze amekosea wapi kuitumia.

Niliulizia kwa watu wanaopita kwenye kibanda chako, na wote walisema jambo moja. Unatoa betri kwenye kompyuta zilizokufa, unazifunga pamoja kwa utepe, unawauzia wavuvi. Anayesita unamwonyesha kile kisahani cheupe nilichompa Mama nilipokuja likizo. "Mdogo wangu anazitengeneza kwa Wazungu. Ndani iko hii. Haiwake moto."

Sasa sikiliza, maana hujawahi kuniuliza ninafanya kazi gani. Ndani ya betri ya kawaida kuna kimiminika, na lithiamu, inayobeba umeme, hupita humo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kimiminika hicho kinashika moto. Sisi tunatafuta kitu kigumu, kisichowaka, cha kuweka mahali pake. Taabu ni kwamba lithiamu haipiti kirahisi kwenye kitu kigumu. Ndani ya chembe moja inapita vizuri, ila ikifika pale chembe zinapokutana inakwama. Kwa hiyo tunasaga unga, tunaukandamiza uwe kisahani, tunakifukia ndani ya unga wa aina ileile ili lithiamu isitoroke kwa joto, kisha tunakichoma mpaka chembe zishikane. Tunapima. Tunaanza upya. Mwaka wangu mzima umekwenda hapo, kwenye maungio ya chembe. Betri ya kuuza haipo. Tuliyo nayo ni ndogo kama kifungo cha koti, na inafanya kazi ikiwa imebanwa kwenye mashine.

Na kisahani chako ni kibovu. Kilipasuka kwenye tanuri, halafu nikakisahau nje, hewa yenye unyevu ikakitia ngozi juu ambayo lithiamu haipenyi. Nilikipima: karibu hakikupitisha kitu. Shefu wangu wa kazi alisema nikitupe. Nilikileta kwa sababu Mama alitaka kushika kitu kinachoniweka mbali naye. Alikikwaruza kwa ukucha, jinsi anavyopima ndagala alizoanika, akasema, "Hii imeshika unyevu." Hajasoma kemia hata siku moja, na alikuwa sahihi. Wewe ulikiona, ukafikiria wateja.

Jambo linaloniandikisha barua hii si jina langu. Betri zako, pamoja na zile zilizolowa mafuriko yalipoingia, umezirundika kwenye chumba cha mbele. Mama analala chumba cha nyuma. Nyumba ina mlango mmoja, na mlango huo uko upande wa betri. Umejenga tanuri, Kaka, na umemweka Mama ndani.

Nilimpigia nikamwomba ahamie kwa Baba mdogo. Akasema, "Huyu ni mwanangu mukubwa. Nitamukimbia?" Kwa hiyo yeye hatoki. Zitatoka betri.

Zitoe leo, mchana. Ziweke uwanjani mbali na nyumba, kwenye mchanga mkavu, zisigusane. Iliyovimba usiitoboe. Usizitupe mtoni wala ziwani. Futa namba yangu kwenye kila moja. Ukimaliza, nenda Kalundu ukaione mikono ya yule mvuvi, umwambie kwa mdomo wako kwamba hakukosea kitu.

Nisalimie Mama, umwambie nimekubali alichosema kuhusu kisahani. Nisalimie wifi, ambaye alikukataza na hukumsikia. Nisalimie mama mdogo wa Rurambo akishuka sokoni.

Baba mdogo ndiye aliyekuletea karatasi hizi. Nimemwomba akae kwenye benchi lako la wateja mpaka usome yote. Ana nakala yake mfukoni. Usipoinuka, ataisoma kwa sauti, na wewe unaijua sauti yake ya mkatekista, inavyojaza kanisa.

Yuko mbele yako sasa. Anza kwa kumpa kisahani.

Mdogo wako,
Nyota