Kanga Isiyofuliwa

Mkonze, Dodoma
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi uliipata, au bado imekaa stendi? Sisi ni wazima. Baba Rehema yuko kazini bwawani Mtera, anarudi kila baada ya wiki mbili na samaki wa kugawia majirani. Rehema ametimiza miaka miwili na nusu, anaongea sana, na hataki kabisa kuvaa soksi.

Sikupigii simu kwa sababu simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na jambo hili nataka ulijue wewe kwanza. Mjomba Hamisi amepanga kupanda basi Jumamosi aje kumchukua Rehema, akae kwako Muheza mpaka afikishe umri wa shule. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba aje, kwa jinsi nilivyokishuku kituo cha kulelea watoto anakoshinda Rehema. Sasa nakueleza nilichokiona tangu siku ile.

Kazi ya gazeti unaijua. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Kituo kiko mtaa wa pili kutoka kwangu. Anayekiendesha ni mama mmoja wa Kigogo, mtu mzima, anaitwa Sechelela. Wazazi tunamwita Mama Seche. Yeye na mdogo wake wa kike wanalea watoto kumi na wanne. Siku ya kuandikisha alinipa masharti yake: mtoto afike kabla ya saa mbili, asije na biskuti mkononi, na akichelewa asubiri nje na mzazi wake mpaka wenzake wamalize uji, maana mmoja akiingia katikati wote wanaacha vikombe. Mwisho akasema, "Na uniletee kanga yako uliyoivaa. Usiifue."

Mama, wewe ulitulea kwa kutukataza hilo. Nguo iliyotoka mwilini haiachwi kwa mtu baki. Nimekaa mahakamani mara nyingi nikisikiliza watu wanaotuhumiana uchawi kwa sababu ya kipande cha nguo, nikaandika habari, nikaenda kula. Lakini hapo nilisita. Nikamuuliza ya nini. Akajibu, "Ya mtoto," kisha akakimbilia wawili waliokuwa wanagombania ndoo. Nikaenda soko la Majengo, nikanunua kanga mpya, nikampelekea. Akaishika, akanitazama. "Uliyoivaa, Mama Rehema." Nikasema nitaleta. Sikuleta.

Wiki ya tatu Rehema akaanza kubadilika. Nikimchukua jioni anasinzia njiani, anakataa chakula, analala kabla ya magharibi, halafu anaamka alfajiri akitaka kucheza. Nikamuuliza, "Mchana unalala?" Akasema, "Wenzangu wanalala." Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi nakaa."

Mbele ya kituo kuna genge la mama mmoja anauza nyanya na vitunguu. Siku moja akanivuta pembeni. "Dada, wewe si mtu wa habari? Saa saba njoo usikilize hapo. Kimya. Watoto kumi na wanne, hata mmoja halii. Mimi nimezaa sita, sijawahi kupata kimya hicho hata kwa dakika moja."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi simaanishi. Dawa ya mafua ya watoto ina usingizi, hilo kila mtu analijua."

Kuanzia siku hiyo nikawa namnusa Rehema mdomo kila jioni. Harufu ilikuwa ya uji tu. Nikawaza kwamba yeye ndiye anayeikataa hiyo dawa, ndiyo maana anakaa macho. Hapo ndipo nilipokupigia simu nikaomba mjomba aje.

Jumatatu iliyofuata nilitoka kwenye mkutano na waandishi kabla haujaisha, nikafika kituoni saa saba na robo bila kutoa taarifa. Mama Seche alifungua geti, kidole mdomoni.

"Mwandishi, leo umekuja kutuandika?"

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Vua viatu. Ukiwaamsha utawalaza mwenyewe."

Ndani kulikuwa na mikeka mitatu. Watoto kumi na watatu wamelala kweli. Nikainama nikasikiliza wanavyopumua, nikamgusa mmoja kisigino, akavuta mguu na kugeuka. Mtu aliyeleweshwa hageuki hivyo. Kila mmoja alikuwa amekumbatia nguo: kanga, kitenge, mtandio, na mmoja alikuwa amefunika uso kwa jezi ya baba yake ya mpira. Rehema alikuwa amekaa ukutani anafunika masufuria matupu na mifuniko yake, taratibu, bila kelele. Kando yake ilikuwepo kanga yangu ya Majengo, mikunjo ya dukani bado imesimama.

Nikamwomba Mama Seche anionyeshe kabati la dawa. Hakukasirika. Alinipa ufunguo. Bandeji, spiriti, kipimajoto, sabuni, basi.

"Umetafuta?" akaniuliza.

"Nimetafuta."

"Haya, chini ya jiko hujaangalia."

Nikaangalia na huko pia. Akacheka bila sauti, tumbo likimtikisika.

"Mbona hukuniambia kwamba mtoto halali?"

"Nilikuambia ulete kanga. Mara mbili. Ulinitazama kama nimekuomba figo."

Kisha akanieleza, akiwa anachambua mchele. "Mtoto mdogo hajui saa. Anajua kinachofuata. Baada ya uji ni mchanga, baada ya mchanga ni maji ya kunawa, baada ya maji ni wali, baada ya wali ni mama yake, analala. Wa kwako baada ya wali hana kitu. Anakaa anasubiri. Anasubiri mpaka jioni."

Nilikuwa nimejifunga mtandio tangu alfajiri, una jasho langu na vumbi la barabara nzima. Nikaushika fundo, nikakukumbuka wewe, nikasimama hivyo hivyo.

"Unadhani nitaupeleka kwa mganga?" akasema. "Na hawa kumi na wanne nimwachie nani?"

Nikaufungua. Rehema akaupokea, akaacha mifuniko, akalala chali na mtandio juu ya pua. Nilitazama saa. Dakika sita.

Usidhani niliamini papo hapo. Mtoto aliyechoka hulala popote. Jumatano nikauchukua mtandio kwa kisingizio, nikarudi saa saba: amekaa ukutani. Alhamisi nikaurudisha: amelala. Na jioni ile alikula ugali wake wote, akaamka asubuhi pamoja na mimi. Mpaka leo kila Ijumaa naukagua mtandio pindo kwa pindo, nione kama kuna kona iliyokatwa. Mama Seche ananiangalia tu. Juzi akaniambia, "Hesabu na nyuzi." Nimehesabu vishada vya pembeni, vyote vipo. Nitaendelea kuhesabu, siwezi kukudanganya kwamba nimeacha.

Kwa hiyo Rehema anabaki. Najua utakasirika, na ni haki yako, maana nimevunja katazo lako na tena nimekunyima mjukuu uliyekwisha kumtandikia kitanda. Bunge likiahirishwa nitapata likizo, nitamleta mwenyewe akae kwako wiki mbili.

Msalimie shangazi Mwanaidi wa maandazi, na Salma mdogo wangu, mwambie wanafunzi wake wasimzeeshe. Wape pole majirani zetu waliofiwa.

Mjomba Hamisi mwache aje Jumamosi kama alivyopanga, ila atarudi peke yake. Mpe aniletee kanga yako moja, ile unayoshinda nayo jikoni. Rehema hakukumbuki, alikuwa mchanga mlipoonana, na sitaki akifika kwako akae ukutani. Nitamlaza nayo hapa nyumbani siku za mapumziko mpaka akuzoee. Ifunge kwenye mfuko, asiishike mtu mwingine yeyote zaidi ya mjomba.

Na usiifue, Mama.

Mwanao,
Zuhura