Koti la Sholinke

Jumatano, 11 Machi

Sholinke amemaliza chupa ya asubuhi kisha akanipiga teke gotini. Vizuri. Siku asiponipiga teke ndiyo nitaogopa.

Fisi amefungua bendeji tena kwa meno yake. Nimemfunga upya huku namtukana kwa Kikuyu. Mvua bado. Vumbi la malori ya barabara ya Namanga limeingia hadi kwenye chai.

Mama amefika kutoka Gataka. Mkoba mmoja, ndoo ya githeri, mahindi na maharagwe yake, na kopo lake la mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo amejipaka maisha yake yote ingawa ng'ombe wa mwisho tuliuza nikiwa darasa la nne. Ati amekuja kuniona tu, wiki moja. Mamangu hajawahi kukaa mahali kuona tu. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika hapa tangu nifungue hospitali hii ya wanyama pori. Alitaka niwe daktari wa watu. Alimtazama fisi muda mrefu, akauliza, “Na huyu ako na mwenyewe?”

Nikampeleka kwa Sholinke, mtoto wa punda milia aliyepewa jina la pale tulipomwokota, kando ya mamake aliyekufa amenaswa kwenye waya wa ploti ya mtu. Nikamweleza habari ya koti. Mtoto wa punda milia humjua mamake kwa mistari na kwa harufu. Kwa hivyo tulichukua koti langu kuukuu la maabara, tukalishonea vitambaa vyeusi. Yeyote anayemnyonyesha lazima alivae. Leo mimi, kesho Lemayian, mlezi wa wanyama hapa. Asizoee mtu, azoee koti. Mtu huenda likizo. Koti linabaki msumarini.

Mama alilishika kwa vidole viwili. Akakunja pua.

Alhamisi, 12 Machi

Rombo na kurudi. Wachungaji walimpata tai karibu na mzoga uliotiwa sumu. Nilimpa unga wa makaa wa kunyonya sumu na maji, nikamfunga kwa shuka, nikaendesha kama mwehu. Tulipofika Emali alikuwa amekufa.

Nilikuwa bado nimekaa ndani ya gari, injini inanguruma, Lemayian akapiga simu. Huyu ni mtu wa kuanza na habari za mvua, za ng'ombe, za watoto. Leo hakusalimia.

“Daktari, rudi. Mama ameosha koti.”

Ijumaa, 13 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji ya chanjo.

Ilikuwa hivi. Lemayian alienda kuchota maji. Mama akaliona koti msumarini, gumu kwa maziwa na mkojo, akaona aibu kwa niaba yangu. Akalisugua kwa sabuni ya kipande. Harufu haikutoka. Akalitia dawa ya kung'arisha nguo. Akalianika, akalipiga pasi. Mistari myeusi imekuwa rangi ya chai ya rangi. Linanuka hospitali ya watu.

Sholinke akiliona anajigonga ukutani. Tumevingirisha koti kwenye nyasi za kitanda chake, kwenye mavi yake, lakini ile dawa bado iko. Mimi nikikaa hapo na chupa yeye anatetemeka kwenye kona. Hajanyonya tangu jana asubuhi.

Nilimweleza mama kila kitu kuhusu koti hilo. Sikumwambia lisifuliwe. Sasa nani angefikiria kusema hilo?

Nimemfokea. Mbele ya Lemayian. Nilimwambia hapa si jikoni kwake, na kama amekuja kuniaibisha angebaki Gataka. Mama yangu, mwenye majibu ya kugawa mtaa mzima, akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

Nilitaka kumfuata. Nikaenda kumwangalia fisi.

Jumamosi, 14 Machi

Nimepitisha mpira puani mwa Sholinke nikampa maziwa. Lemayian amemshikilia. Alipambana, kisha akaacha kupambana, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Siwezi kufanya hivi kila mara. Maziwa yakikosea njia yakaingia mapafuni, kwisha. Na hofu peke yake inatosha kuua punda milia.

Masikio yake ni baridi. Macho yamezama.

Nimetembea kutoka banda hadi lango, lango hadi banda. Nimefagia kliniki ambayo ilikuwa imefagiwa. Nimempigia simu mwenzangu niliyesoma naye, akaniambia ninayoyajua. Nikakata simu bila kuaga.

Mama hajaondoka. Alisema gari la Rongai, la kumrudisha Gataka, Jumamosi linajaa sana. Uongo. Mikono yake imechubuka na ile dawa, vidole vimepasuka, na anajipaka mafuta ya kopo kila dakika. Nyumba nzima inanuka zizi la utoto wangu. Aliniomba sindano na uzi mweusi. Nikampa bila kuuliza wa nini. Bado nina hasira. Nina hasira naye na nina aibu, na sijui ipi imeanza.

Jumapili, 15 Machi

Nilidhani mama ameenda kanisani. Nilimwona na gauni lake la buluu na kilemba.

Lemayian akaja mbio akaniita kwa mkono. Hakutaka kupaza sauti.

Mama yuko ndani ya banda. Ameketi chini. Juu ya mavi, na gauni la kanisa, mwanamke ambaye huosha hata sabuni. Amevaa koti. Mistari ni mipya, myeusi tititi. Nilichukua muda kukitambua kitambaa. Ni ile sketi yake ya kwendea mazishi. Ameikata vipande vipande na kuishona kwenye koti lote, mshono mdogo mdogo, na vidole hivyo.

Hakuwa anafanya chochote. Hakumwita mtoto, hakumnyooshea chupa. Ilikuwa mapajani tu. Mimi siku zote naingia humo nina haraka, nina fisi, nina simu. Yeye alikaa.

Jua lilikuwa limepanda sana Sholinke alipoondoka kwenye kona. Akanusa kilemba. Akanusa kifua. Akafika kwenye mikono, ile mikono inayong'aa mafuta, akasimama hapo. Nafikiri mafuta yale yameifunika dawa. Au si hivyo. Akatafuta chupa kwa midomo.

Nilimsikia akimeza. Lemayian alisema kitu kwa Kimaasai, akavua kofia.

Nimelia nyuma ya tangi la maji kama mjinga.

Jumanne, 17 Machi

Ananyonya. Masikio yana joto. Lakini kwa mama tu. Lemayian alivaa koti lile lile asubuhi, akakataliwa. Mimi nikakataliwa kwa teke, ambalo angalau lilikuwa na nguvu.

Yaani kile tulichokuwa tunakwepa ndicho kimetupata. Amezoea mtu. Na mtu huyo ana nyumba Gataka, ana kwaya, ana kuku walioachiwa jirani.

Mama anaifurahia kazi, haniambii lakini naona. Anamsalimia Lemayian kwa Kimaasai, “Supa”, na anajibiwa “Ipa”, wanacheka. Amempa hata fisi jina: Karani. Kwa sababu anafungua kila kitu kilichofungwa, anasema, kama karani na bahasha za watu.

Bado sijamwomba msamaha. Kila nikianza ananiuliza kama nimekula.

Jumatatu, 23 Machi

Wiki yake imepita. Jirani amempigia, kuku wawili wameibiwa. Anaenda kesho. Nilimwambia akae. Akasema, “Wewe ndiye daktari.” Si kwa kejeli. Nimelisikia hilo neno kutoka kwake kwa mara ya kwanza.

Akienda na Sholinke akikataa tena, naanza upya na mpira wa pua. Sitaki hata kuliwaza. Naliwaza tu.

Jumanne, 24 Machi

Mawingu upande wa Ngong. Hakuna kitu bado.

Nilimsindikiza mama hadi stendi ya Kitengela. Nilimwambia pole kwa yale maneno ya Ijumaa. Akanifuta vumbi begani, akaniambia nipunguze kahawa. Akapanda.

Niliporudi, koti lilikuwa msumarini. Halikufuliwa. Chini yake, juu ya jiwe, kopo la mafuta, limeachwa nusu.

Nikajipaka mikono, shingo, mashavu. Nikavaa. Simu nikaiacha kwa Lemayian. Nikaingia bandani, nikaketi chini, chupa mapajani, nikakaa.

Muda mrefu. Fisi aliita, sikwenda.

Sholinke akaja. Akaninusa kiganja, akakirudia, akanyonya yote.

Lemayian amechukua kopo naye ajipake kwa ajili ya zamu ya jioni. Ninanukia mama. Chakula kimeletwa na sijaosha mikono.